Weusi Uliozunguka Macho ya Wening

Ngadimin alikuwa mtu wa mikono mikubwa, na mikono hiyo ndiyo iliyomponza.

Kazi yake ilikuwa uhunzi. Pale Karangpandean, mashariki ya mji wa Klaten kisiwani Java, karibu kila nyumba ilikuwa na kalibu ya kufulia chuma nyuma ya jiko, na asubuhi nyundo zilikuwa zikijibizana kutoka ua hadi ua. Yeye alifua majembe na mundu za kuvunia mpunga. Maneno yake yalikuwa machache, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyotaka iwe. Ujanani aliwahi kumvunja taya mchuuzi mmoja wa vyuma chakavu aliyemtukania mama yake sokoni. Miaka ilipita, yule mchuuzi mwenyewe akawa mtu wa kunywa naye kahawa, lakini watu hawakusahau. Mtoto akisumbua kula, mama yake alimtisha kwa jina la Ngadimin, "Haya, endelea tu, Pak Min akusikie."

Alioa akiwa ameshavuka arobaini, wakati watu walikuwa wamechoka hata kumtania. Mwanamke mwenyewe aliitwa Warsini, muuza pecel pembeni ya soko, zile mboga za kuchemsha zinazomwagiwa mchuzi wa karanga na pilipili. Mume wake wa kwanza alikwenda Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, akamwacha na mimba, na talaka ikamfikia kwa simu. Ngadimin alianza kula pale kila adhuhuri. Tukijo, mwenzake wa kupiga nyundo aliyemwita Kang, kaka, alimvumilia kwa muda, kisha siku moja akamuuliza mbele ya wateja, "Kang, hizo mboga unazila au unazitazama tu?" Warsini akacheka mpaka akamwaga mchuzi. Kabla ya mavuno walikuwa wameoana.

Warsini alikuja na mtoto wa kike, Wening, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Mwanzoni mtoto alimwogopa. Akiingia Ngadimin ndani, Wening anajificha nyuma ya sarong, kikoi cha mama yake, na kuchungulia kwa jicho moja. Ngadimin hakumlazimisha. Alikaa tu chini sakafuni, akiwa amempa mgongo, akila kerupuk, vile vipande vikavu vya kukaanga, taratibu ili zimlie kruu kruu mdomoni. Mtoto akasogea kusikiliza. Siku ya tatu au ya nne akanyoosha mkono kudai yake.

Baada ya hapo hawakuachana. Alipofikisha miaka mitatu, Wening alikuwa na kigoda chake mlangoni mwa kalibu, mbali na cheche, na kazi yake ilikuwa kutoa amri. Makaa yakififia anajaza mashavu hewa, anapuliza, kisha anapiga kelele, "Bapak, moto umelala!"

"Uamshe wewe, Nduk," Ngadimin anamjibu, kama baba yeyote wa Kijava anavyomwita bintiye.

"Mi nimechoka. Aamshe Lik Kijo."

Tukijo, aliyemwita Lik, ami mdogo, naye analalamika kwamba tangu azaliwe hajapata kuwa na bosi mkali namna hiyo.

Msimu wa mvua ulipoingia mwaka ule, Wening alibadilika. Kwanza aliacha kula. Kisha akaanza kutaka kubebwa. Ukimweka chini anakunja miguu na kulia, na ukimgusa mapaja analia zaidi. Mkunga wa zahanati alisema watoto wengi huwa hivyo mvua zikianza, akampa dawa ya minyoo na vitamini. Warsini alidhani mtoto anadeka. "Wewe ndiye unayemharibu, Mas," alimwambia mumewe kwa neno la heshima la wake wa Kijava, nusu utani. "Ukimbeba siku nzima, miguu yake itasahau kazi."

Siku moja kulikuwa na harusi kwa jirani, na Warsini, kama wanawake wote wa kitongoji, alikwenda kusaidia kupika tangu alfajiri mpaka jioni. Mtoto alibaki na Ngadimin. Hakuna kilichotokea siku ile. Wening alilala sana, akanywa uji kidogo, akabebwa begani wakati Ngadimin akimsimamia Tukijo. Asubuhi yake alipoamka, kope ya jicho la kushoto ilikuwa na rangi ya zambarau, na chini ya jicho damu ilikuwa imevilia kama ya mtu aliyepigwa ngumi.

"Ameanguka?" Warsini aliuliza.

"Hajaanguka."

"Alijigonga wapi?"

"Hakujigonga, Sini. Alikuwa na mimi muda wote."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakujua kwamba maneno hayohayo, alikuwa na mimi muda wote, ndiyo yatakayomfunga.

Weusi ule haukupungua. Na kabla haujapungua, jicho la kulia nalo likavilia. Mtoto akawa anawatazama watu kama kima mdogo aliyechorwa miduara usoni. Sokoni wanawake walikuja kununua pecel, wakamwona Wening mgongoni mwa mama yake, wakanyamaza. Kunyamaza kwao kulimfikia Warsini kuliko maneno. Kisha maneno nayo yakaja, kwanza kwa Murtini, dada yake mkubwa, aliyekuwa akikaa kitongoji cha pili.

Murtini alikuwa mwanamke wa kusema lililo moyoni. Aliingia jikoni, akamwangalia mtoto, akamwangalia mdogo wake. Ngadimin alikuwa uani ananawa, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mtoto anaanguka, anaumia jicho moja, sawa. Huyu ameumia yote mawili. Ameanguka mara ngapi, na kila mara kwa jicho?"

"Mas Min anasema hakuanguka."

"Ndiyo. Ndicho ninachosema na mimi. Hakuanguka."

Maji yaliendelea kumdondoka Ngadimin mikononi. Alisubiri mkewe ajibu. Alisikia tu mwiko wa Warsini ukikoroga chungu.

Usiku wa siku ile Warsini hakumtazama. Asubuhi alimfuata kalibuni, Tukijo akiwa hajafika, akasimama pale pale penye kigoda cha mtoto. "Mas," alisema, "niambie ukweli. Sitakasirika. Labda alilia sana, labda ulikuwa umechoka. Niambie tu."

Wapo wanaume wangepiga kelele. Wapo wangeapa kwa Mwenyezi Mungu. Ngadimin alimtazama mke wake. Alitaka kusema kwamba hajawahi hata kumfinya, lakini akaona kwamba mtu akishakuuliza swali kama lile, jibu lolote utakalompa limekwisha kuchafuka. Akachukua koleo, akatia chuma motoni. Warsini alisubiri, kisha akatoka. Mchana Ngadimin aliporudi ndani, shuka la kubebea mtoto halikuwa kwenye msumari wake. Murtini alikuwa amekuja kuwachukua.

Siku zilizofuata alikwenda mara mbili nyumbani kwa shemeji yake. Mara zote mbili Murtini alimzuia mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Ndipo Pak RT, mkuu wa nyumba za eneo lao, alipomwita barazani kwake. Wazee wachache walikuwapo, na Murtini na mumewe, na Warsini amekaa karibu na mlango, kichwa chini. Chai ilimiminwa kwa kila mtu, hata kwake.

"Min," Pak RT alianza, kwa upole wa mtu anayetaka kulala mapema, "sisi hatutaki polisi. Polisi wakiingia hapa jina la kitongoji chote linaharibika. Mkono wa mtu mzima unaweza kuteleza. Omba radhi, tuyamalize."

"Radhi ya nini, Pak?"

"Min. Usitufanye watoto."

"Ukiomba radhi mbele ya watu hawa," Murtini alisema, "utamwona mtoto. Usipoomba, humwoni. Chagua."

Ngadimin alimtazama Warsini. Mkewe hakuinua kichwa. Ngadimin alimfikiria Wening, kwamba labda anamuulizia, labda anajaza mashavu na hakuna moto wa kuupulizia. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila kumsikia sauti.

"Mkono wangu uliteleza," alisema. "Naomba radhi."

Baraza zima lilishusha pumzi. Mzee mmoja alimpigapiga begani, akamwambia kwamba kukubali kosa ni uanaume. Warsini alijiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, akaingia ndani.

Hapo ndipo Ngadimin alipokosea, na kosa lile alilibeba peke yake kuliko watu walivyojua. Kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyejiuliza tena kwa nini macho ya mtoto ni meusi. Jibu lilikuwa limeshapatikana. Walichongojea ni alama za kipigo zififie.

Murtini aliweka ahadi yake. Ijumaa, baada ya sala, alimruhusu aje. Ngadimin alileta papai lililoiva vizuri, lile ambalo Wening alikuwa akilila mpaka linamtiririka viwikoni. Mtoto alikuwa amelala mkekani chini ya dirisha. Usoni amepakwa mchele uliosagwa na mizizi, dawa ya bibi zao ya kuondoa uvimbe. Aligeuza kichwa aliposikia sauti yake.

"Bapak," alisema. Hakuinua mikono.

Ngadimin alipiga magoti. Jicho la kushoto lilikuwa limesukumwa nje. Kope zilikuwa hazikutani vizuri, na weupe wa chini ulionekana hata akisinzia. Pembeni mwa paji la uso, karibu na nywele, kulikuwa na uvimbe mgumu. Aligusa kwa ncha ya kidole, na mtoto akashtuka.

"Mbakyu," alimwita Murtini kwa jina la dada mkubwa, "jicho hili limetoka."

"Limetoka kwa sababu ya nani?"

"Ngumi haisukumi jicho mbele. Tazama. Kuna kitu nyuma kinalisukuma."

"Ni kipigo chako hicho kinashuka pole pole. Nampaka dawa kila siku."

"Mimi sikumpiga."

"Haa!" Murtini alipiga makofi mara moja. "Jamani sikilizeni. Juzi ulimpiga, leo hukumpiga. Tukuamini lipi?"

"Lile la juzi nilisema uongo ili nimwone."

Warsini alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Alikuja, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akamgeuza mtoto uso kuelekea kwenye mwanga. Kwa siku nyingi alikuwa akimtazama kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya kaburi, maana kila akimtazama aliona mkono wa mumewe. Sasa alimtazama taratibu. Akafuta ule mchele uliokauka kwa ncha ya nguo. Akaliona jicho jinsi lilivyotoka.

"Unipitishe polisi kwanza ukitaka," Ngadimin alisema. "Lakini leo tuende hospitali."

Walikwenda kwa pikipiki, mtoto katikati yao, Warsini amemfunika uso kwa kitambaa ili upepo usilichome lile jicho. Daktari wa mjini Klaten hakukaa nao sana. Aliandika barua, akawaambia wasirudi nyumbani, wapitilize moja kwa moja hospitali kubwa ya Yogyakarta.

Huko waliwapeleka kwa daktari wa macho, mama mfupi aliyeitwa Dokta Anggraheni. Alikuwa na sauti ya chini, na mikono yake aliisugua kwanza ili ipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Muuguzi alimwomba Ngadimin asubiri nje. Mlinzi akaja akasimama karibu naye, akijifanya anaangalia bustani. Ngadimin alielewa. Akakaa, mikono ameibana kati ya magoti.

Baadaye wakamwita. Daktari alimwelekeza kiti.

"Pak, nitakuuliza, na unijibu kweli, maana jibu lako ndilo litakaloniambia nitafute nini. Umempiga mtoto huyu?"

"Hapana, Dokta."

"Mama yake anasema uliomba radhi mbele ya watu."

"Niliomba."

"Kwa nini uliomba, kama hukumpiga?"

"Walikuwa wamenizuia kumwona."

Daktari alimvua mtoto nguo, akamkagua pole pole. Alitazama mgongo, mikono kwa ndani, nyuma ya masikio, makalio. Hakukuwa na alama hata moja. Akaweka kidole gumba juu ya kope iliyofungwa, akabonyeza kwa wepesi, akasikiliza kwa kidole jinsi jicho linavyokataa kurudi. Halafu, jambo ambalo Ngadimin hakulitegemea kwa daktari wa macho, akampapasa tumbo.

Mkono ule ulikwenda, ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukabonyeza tena upande wa kushoto, chini ya mbavu.

"Hapa pamekuwa pagumu tangu lini?" aliuliza.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

"Amekuwa akikataa kutembea?"

"Ndiyo," Warsini alisema.

"Analia mkimgusa miguu?"

"Ndiyo. Nilidhani anadeka."

"Amepauka namna hii kwa muda?"

La tatu lilimkuta Warsini ameshaanza kulia, kwa sababu aliona kwamba yule mwanamke anayajua yote bila kuambiwa.

Vipimo vilichukua siku kadhaa. Walimpiga mtoto picha za kichwa na za tumbo, wakachukua mkojo, wakachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kutoa uboho. Ngadimin ndiye aliyemshika wakati wa sindano, maana Warsini aliishiwa nguvu. Yule mlinzi hakuonekana tena.

Kisha Dokta Anggraheni aliwaita wote wawili kwenye chumba kidogo, pamoja na daktari wa saratani za watoto. Alizungumza yeye.

"Kwanza niwaambie hili, na mliseme kwa kila mtu kule nyumbani: mtoto huyu hakupigwa na mtu yeyote. Kuna uvimbe umeota juu ya figo yake. Ni saratani, ya aina inayowapata watoto wadogo. Imetembea mpaka kwenye mifupa. Inapenda sana mifupa ya matundu ya macho, sijui kwa nini, na ikikaa pale mishipa inavuja damu, damu inavilia kuzunguka macho. Ukiona kwa nje unaapa kwamba ni kipigo. Hata madaktari hukosea. Na ikikua nyuma ya jicho, jicho linasukumwa mbele kama mlivyoona."

Warsini aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni. Hakulia kwa sauti. Alimshika Ngadimin miguu, akaweka uso juu ya viatu vyake, na yeye hakujua afanye nini na mikono yake. Ngadimin alikuwa ameota mara nyingi kwamba siku moja mtu wa kuaminika atasema maneno yale, hakupigwa. Sasa yamesemwa, naye hakuhisi kitu ndani isipokuwa baridi.

"Dokta," aliuliza, "kama ningekuwa nimempiga, yangepona yale macho?"

"Kama ni kipigo, ndiyo. Yangepona yenyewe."

"Basi ingekuwa heri nimempiga."

Yule daktari mwingine aliinamia karatasi zake. Ngadimin akauliza lililobaki, na hili aliliuliza akitazama mlango.

"Zile siku tulizopoteza baada ya mimi kusema nimempiga. Ndizo zitakazomuua?"

"Ugonjwa ulikuwa mifupani kabla hujasema neno, Pak. Siku zile hazikubadilisha mengi."

Alishukuru. Alilishika lile neno, mengi, akatoka nalo. Daktari hakusema mengi ni kiasi gani, na Ngadimin hakuthubutu kuuliza.

Waliishi hospitalini kama wanavyoishi wote wenye wagonjwa wa muda mrefu, wakilala barazani juu ya mikeka, wakifua nguo bombani. Dawa za saratani ziliingia mshipani tone kwa tone, na nywele za Wening zikabaki kwenye mto. Tukijo alibaki na kalibu na ndiye aliyepeleka habari kijijini. Inasemekana alikwenda barazani kwa Pak RT na kuyatamka maneno ya daktari kwa sauti, kisha akayarudia njiani, kisha sokoni, kama muuza dawa, mpaka watu wakamwomba anyamaze.

Dawa zilifanya kazi kwa muda. Weusi ulififia, ukageuka njano, ukaisha. Jicho la kushoto lilirudi nyuma, ingawa halikuona tena vizuri. Wening akaanza kula, akaanza kutukana wauguzi, akawa anamwita Dokta Anggraheni "Bu Mikono Moto", Mama Mikono Moto. Madaktari wakawaruhusu warudi nyumbani kwa Idi.

Idi pale kwao ni siku ya kuombana msamaha. Kila mtu anakwenda nyumba hadi nyumba, anashika mkono kwa mikono miwili, anasema yale maneno ya kila mwaka, nisamehe ya nje na ya ndani. Karangpandean nzima ilipita kwa Ngadimin. Pak RT alipita, wazee wa baraza walipita, wanawake wa sokoni walipita. Wote walisema nisamehe ya nje na ya ndani, kwa sauti ileile waliyoisema nyumba ya jirani, wakala keki, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyetaja lilikuwa jambo gani. Ngadimin aliwajibu wote sawasawa.

Murtini alikuja mwisho. Alimshika mikono, akafungua mdomo, na yale maneno ya kila mwaka hayakumtoka. Alisimama pale akilia mbele ya watoto wake.

"Ulimlinda mtoto, Mbakyu," Ngadimin alimwambia. "Ningekuwa wewe, nami ningesimama mlangoni vilevile."

Alimaanisha alichosema. Kwa Murtini moyo wake ulikuwa safi. Jambo lililomkaa kama kibanzi halikuwa kwa Murtini, lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Saratani ilirudi kiangazi. Safari hii ilirudi kwenye jicho la kulia, na walipoona ule uzambarau asubuhi, hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Madaktari walisema wanaweza kuendelea, lakini walisema kwa namna ambayo mtu anaelewa. Wakamleta nyumbani. Wiki za mwisho, akiwa haoni, alimjua kila mtu kwa mikono. Ya Ngadimin aliijua kwa ukavu wake. Alifariki adhuhuri, kichwa kwenye paja la mama yake, nyundo za majirani zikilia. Habari ilipofika ua hadi ua zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Baba aliyemzaa alipigiwa simu na hakuja. Wakati wa maziko Pak RT alimnong'oneza Ngadimin kwamba si lazima ashuke yeye, wapo vijana. Ngadimin alivua viatu, akashuka kaburini, akainua mikono kumpokea. Mtoto alikuwa mwepesi kama alivyokuwa siku ile alipojifunza kusimama. Alimlaza ubavu, akamfungua kamba ya sanda usoni ili shavu liguse udongo, na macho hakuyatazama.

Baada ya hapo yeye na Warsini waliishi. Hawakugombana. Mke alirudi kuuza pecel, yeye akarudi kufua majembe. Mara moja tu, mwaka ukiwa umepita, Warsini akipepeta mchele alisema bila kuinua kichwa, "Nilikuuliza lile swali, Mas."

"Ungefanyaje? Ungenyamaza?"

"Ningejua. Mtu analala na wewe, anapaswa kujua."

Ngadimin alitafuta cha kumwambia kitakachomfariji na kiwe kweli, akakosa. Akamsaidia kupepeta. Wala maneno ya watu hayakuisha kabisa. Siku moja katika soko la mbali, akichagua makaa, alimsikia mtu asiyemjua akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Yule ndiye aliyempiga mtoto wa mkewe mpaka akafa." Alilipia makaa yake, akaenda zake.

Dokta Anggraheni aliwatafuta baadaye. Alikuwa anazunguka wilayani kuwafundisha wakunga na wauguzi wa zahanati, na aliomba ruhusa ya kuonyesha picha za Wening alizopigwa siku ile ya kwanza. Ngadimin alikubali papo hapo. Warsini alikataa, akakaa na kukataa kwake kwa miezi, kisha akasema anakubali iwapo na yeye atakuwapo.

Walikaa viti vya nyuma kabisa, ukumbini kwenye ofisi ya wilaya, wakunga wamejaa mbele na sare zao. Taa zikazimwa. Uso wa Wening ukatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, macho yamezungukwa na ule weusi, anamtazama mpiga picha kwa hasira.

"Mnaona nini?" daktari aliuliza.

Hawakusita hata kidogo. "Amepigwa," walijibu, wengine kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Masikini, na mtu mzima kabisa."

Ngadimin aliinamisha kichwa. Ndipo kiti cha pembeni yake kikalia. Warsini alikuwa amesimama.

"Hakupigwa!" alisema. Sauti yake ilivunjika, akaianza upya. "Mimi ni mama yake. Hakupigwa. Baba yake hajawahi kumgusa vibaya, hata siku moja. Mimi ndiye niliyedhani hivyo, na nilikuwa nimekosea. Mkiona mtoto wa hivi, msianze kwa kumtafuta mtu. Mfungueni nguo, mumguse tumbo, mumwahishe kwa Dokta huyu."

Vichwa vyote viligeuka. Yule mkunga aliyesema masikini alijiziba uso. Dokta Anggraheni alimwacha Warsini asimame mpaka alipokaa mwenyewe. Mkono wa Warsini ukatafuta mkono wa Ngadimin gizani, ukaupata, ukaushika kwa nguvu ya mtu anayeogopa kuanguka.

Hawakungoja mpaka mwisho. Nje mvua ilikuwa inaanza, wakasimamisha pikipiki kwenye kibanda cha supu ya kuku na kuagiza mabakuli mawili. Warsini alikula nusu, akamsogezea bakuli lake. Ngadimin hakuwa na njaa, lakini alilimaliza, kijiko kwa kijiko, huku mke wake akimtazama usoni bila kuinamisha macho, kama mtu ambaye hakuwahi kumwona tangu zile siku za sokoni.